Mwalimu Mwajabu na Wanahabari wa Ukuta wa Bwalo

Na Mwalimu Stanley Eliakimu, Idara ya Jiografia

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu wa Juni, Mwalimu Mwajabu Khalidi atasaini kitabu cha mahudhurio cha Shule ya Sekondari Mlangwa, hapa Mkonze, kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza umri wa miaka sitini, na miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiswahili, ishirini na miwili kati ya hiyo akiwa nasi. Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu wake na imeniomba niwe mfupi. Nimejitahidi. Wanaomfahamu watanielewa.

Mwalimu Mwajabu alizaliwa Busi, wilayani Kondoa, katika familia ya wakulima wa alizeti na ulezi. Nyumbani walizungumza Kirangi. Kiswahili alikutana nacho darasani, na husema kwamba ndiyo sababu hakukizoea kamwe. Mpaka leo akikutana na neno zuri husimama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Alianza kazi katika shule moja ya Chamwino, siku ambazo walimu walikuwa wachache na chaki chache zaidi. Hukohuko alikutana na Bwana Bashiri, mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti, wakaoana na kujaaliwa watoto watatu. Alipohamia Mlangwa alikuta madarasa manne, bwalo lisilo na dari, na upepo. Madarasa yameongezeka na bwalo limepata dari. Upepo uko palepale.

Kilichomfanya ajulikane hata nje ya mkoa wetu kilianza na insha. Alikuwa amewapa kidato cha pili kichwa cha kawaida, "Siku Nisiyoweza Kuisahau." Aliporudi na madaftari aliyaweka mezani, akawatazama wanafunzi kwa muda.

"Nani humu amewahi kupanda ndege?" aliuliza.

Kimya.

"Meli je?"

Kimya.

"Basi mbona zaidi ya nusu yenu mmeanguka na ndege, na waliobaki wamezama na meli?"

Darasa lilicheka. Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha kidole, akasema yeye hajawahi kupanda ndege, ila amewahi kupanda trekta.

"Hiyo ndiyo ninayoitaka," alisema Mwalimu. "Kaa chini uniandikie trekta."

Insha ya trekta ilisomwa katika madarasa yote. Ilieleza namna majirani wawili walivyogombania zamu ya kulimiwa hadi mvua ikawakuta wote hawajalima. Wanafunzi waliwajua majirani hao. Kwa mara ya kwanza waliona kuwa jambo lililotokea kwao, kwa watu wanaowajua, linaweza kuandikwa likasomwa na watu wakanyamaza kusikiliza. Wiki iliyofuata Mwalimu Mwajabu alianzisha Klabu ya Habari.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu tulidhani ni mzaha wake. Hakuwaambia watoto kwamba wakisoma kwa bidii, siku moja watakuwa wanahabari. Aliwaambia ni wanahabari tayari. Kila mwanaklabu alitakiwa kusimama wima na kujitambulisha kwa jina lake, kisha aseme, "Mwanahabari wa Mlangwa." Walikuwa wakificha nyuso kwa aibu. Mvulana aitwaye Lameck, mbishi tangu siku ya kwanza, aliuliza kwa niaba ya wenzake.

"Mwalimu, mwanahabari si yule wa kwenye televisheni, mwenye koti?"

"Koti ni la baridi," Mwalimu alimjibu. "Mwanahabari ni mtu anayekwenda kuona, anauliza, anaandika alichokipata, na akikosea anasema nimekosea. Lipi hapo linakushinda?"

Bila kutaka, Lameck akawa mhariri.

Gazeti lao lilikuwa la ukutani, kwenye ukuta wa nje wa bwalo, kwa sababu hakuna mwanafunzi asiyepita pale. Karatasi zilibandikwa kwa gundi ya uji wa unga wa ngano. Toleo la kwanza lilibandikwa Jumatatu jioni kwa shangwe. Jumanne asubuhi halikuwepo. Klabu ilishuku wivu wa kidato cha nne, ikafanya uchunguzi, ikahoji mashahidi, na kubaini kwamba mbuzi wa jirani wamelila lote kwa ajili ya uji. Habari hiyo ndiyo iliyoongoza toleo la pili, na hadi leo ninaamini hatujapata nyingine iliyosomwa kwa furaha kama ile. Ubao wenye wavu ulitengenezwa mwezi huohuo.

Sisi walimu nasi hatukupona. Kuna neno moja ambalo lilikufa katika ofisi ya walimu wa Mlangwa, nalo ni "inasemekana." Ulikuwa ukilitamka, unamsikia Mwalimu Mwajabu kutoka kwenye kona yake, bila kuinua macho kwenye madaftari anayosahihisha: "Inasemekana na nani?" Tulizoea kumeza mate kwanza, tufikirie, ndipo tuendelee, na mara nyingi tuligundua hatuna cha kuendelea nacho. Binti yake Shamimu alipochumbiwa, mshenga alikuja na sifa nyingi za kijana: mpole, mchapakazi, hakosi msikitini. Mwalimu Mwajabu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa adabu kabisa, "Ndugu yangu, hayo umeyaona au umeambiwa?" Mshenga aliomba maji ya kunywa. Nafurahi kuwajulisha kwamba ndoa ilifungwa, kijana alikuwa kama alivyosifiwa, na leo wako nasi hapa wote wawili.

Kanuni ya kukiri kosa nayo haikuwa mapambo. Mwandishi mmoja, Hamidu, alimwona mpishi mkuu wetu, Mzee Fabian, akitoka stoo na mfuko wa maharage jioni. Kesho yake ukutani pakasomeka kwamba maharage ya wanafunzi yanahamia nyumbani kwa mpishi. Hamidu hakuwa amemuuliza Mzee Fabian wala mtunza stoo. Maharage yale yalikuwa yameliwa na wadudu, na mzee alikuwa ameruhusiwa kuyachukua kwa ajili ya kuku wake. Mwalimu Mwajabu hakumchapa Hamidu wala kumfukuza klabuni. Aliagiza sahihisho libandikwe mahali palepale, kwa herufi zenye ukubwa uleule, kisha akamwambia, "Sasa nenda jikoni ukaseme kwa mdomo wako, mbele ya wapishi wote."

Hamidu alikwenda. Alirudi baada ya muda mrefu, amelowa jasho. Mzee Fabian alikuwa amemsamehe, akampa mwiko mkubwa, akamwambia akoroge ugali wa shule nzima ili azijue habari za jikoni kutoka kwa mwenyewe.

Sasa nieleze jambo ambalo wakazi wa Mkonze wanalikumbuka kuliko yote.

Ilikuwa Oktoba, miaka minane iliyopita, jua la kabla ya mvua likiwa kali na kidato cha nne wakijiandaa kwa mtihani wa taifa. Jumatatu asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini, msichana wa kidato cha nne aitwaye Emiliana alipiga ukelele, akaanguka. Hatujamfikisha kivulini, wakaanguka wengine wawili. Jumanne wakaongezeka. Wote walikuwa wa hosteli ya wasichana. Nilikuwa mwalimu wa zamu wiki hiyo. Nilikuwa nikikimbia na ndoo ya maji huku na huku, na sikuwa na jibu la kumpa mzazi yeyote aliyepiga simu.

Neno "mapepo" lilianza kutajwa saa ya chai. Kufika mchana lilikuwa limeshapata mwenyewe. Nje ya geti letu alikuwa akiuza karanga na ubuyu mjane mmoja mzee, Bibi Yudith, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kukaangia. Ikavumishwa kwamba Emiliana alimjibu vibaya asubuhi ile ya Jumatatu, kisha akala karanga zake. Walijitokeza wengi walioapa kwamba walikuwepo na wakasikia kwa masikio yao. Jumatano Bibi hakuonekana getini, na watu wakasema amekimbia kwa sababu amejijua. Vijana wa kijiwe cha bodaboda walianza kuzungumza waziwazi juu ya kumtoa Bibi hapa Mkonze, kwa hiari au kwa moto. Baadhi ya wavulana wetu walikuwa wamesimama pale wakiwasikiliza.

Mchana huo Mwalimu Mwajabu aliwaita wanaklabu darasani. Lameck alikuwepo na peni sikioni. Alikuwepo pia Ruthu Yotham wa kidato cha tatu, binti wa mfugaji kutoka vijiji vya Chamwino, msichana mpole ambaye ukitaka kumsikia ilibidi umsogelee. Ruthu alilala hosteli ileile.

"Mwalimu, mimi naogopa," alisema. "Bibi ni mchawi. Watu wote wanasema."

"Sikuulizi unaamini nini, mwanangu. Nakuuliza umeona nini."

Ruthu alifikiri. "Nimemwona Emiliana akianguka."

"Andika hilo. Umeona nini kingine?"

Hakuwa na kingine. Hakuna katika darasa lile aliyekuwa nacho. Walikuwa wamezungumza habari hii kwa siku tatu, na kumbe walichokiona kwa macho kilitosha mstari mmoja tu. Mwalimu Mwajabu akaugeukia ubao, akawauliza ni nani anayejua zaidi, na majina yakaanza kuandikwa: wasichana walioanguka, muuguzi wa zahanati, matroni, na la mwisho, Bibi Yudith mwenyewe. Lameck na wenzake wakapewa wasichana na muuguzi. Ruthu akapewa Bibi. Aliomba apewe kazi nyingine, yoyote.

"Nitakwenda nawe," Mwalimu alimwambia. "Na Mwalimu Stanley atatusindikiza."

Sikuwa nimeulizwa, lakini nilikwenda.

Mlango wa Bibi ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mwalimu Mwajabu alibisha hodi, kimya. Akaita kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" Kimya. Akaita tena, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Hatimaye mlango ukafunguka kidogo, na Bibi akatutazama kupitia ufa.

"Mmekuja kunichoma?" aliuliza.

Nilimwangalia Ruthu. Nilidhani atakimbia. Alikuwa ameishika sketi yake kwa mikono miwili, lakini alisimama wima kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, bibi. Naitwa Ruthu Yotham. Mimi ni mwanahabari wa Mlangwa. Nimekuja kukuuliza."

"Marahaba," Bibi alijibu, akaitazama sare yake ya shule. "Kuniuliza?"

"Ndiyo, bibi."

"Tangu jana watu wananisema, mjukuu wangu. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Akafungua mlango, akatoa kigoda.

Alichotueleza kilikuwa kifupi. Jumatatu asubuhi hakuwepo getini. Hakuwepo hata Mkonze. Kaka yake alifariki, akaenda Chamwino Jumamosi kuzika, akarudi Jumanne alasiri na kukuta watoto wanamkimbia njiani. Jirani alimnong'oneza sababu, akajifungia. Alipokuwa akieleza hakulia. Ruthu ndiye aliyelia, huku akiandika.

Njiani alisema, "Mwalimu, mimi nimemwamini."

"Nami moyo wangu umemwamini," Mwalimu alimjibu. "Lakini huruma si ushahidi. Tukirudi na huruma tu, wale vijana wa kijiweni watatucheka, na watakuwa na haki. Thibitisha."

Basi Ruthu akampigia simu mchungaji aliyeongoza mazishi kule Chamwino, kwa simu ya Mwalimu Mwajabu. Mchungaji alithibitisha kwamba Bibi Yudith alikuwa msibani tangu Jumamosi hadi Jumanne, na kwamba Jumatatu asubuhi alikuwa akipika uji wa waombolezaji pamoja na wanawake wa kanisa. Wawili kati ya wanawake hao walikubali kutajwa majina. Wote walioapa kwamba walimsikia Bibi getini siku ile walikuwa wameapia hewa.

Upande wa Lameck mambo yalikuwa mazito vilevile. Emiliana, akiwa kitandani zahanati, alisema hakula karanga za mtu. Hakuwa amekula chochote tangu mchana wa Jumapili. Alikuwa akiamka alfajiri mbichi kusoma, kwa kuwa baba yake alikuwa amemwambia akifeli ataolewa. Wasichana wengine walieleza chumba chao: vitanda vilivyosogezwa hadi vikagusana, na madirisha yaliyogongomewa mbao tangu mwaka uliotangulia, mwizi alipoingiza mkono na kuchukua nguo. Usiku joto lilikuwa kama la tanuri. Muuguzi alisema amewapima wote. Kwa maoni yake ni njaa, joto na kukosa usingizi, na hofu, ambayo huambukiza wanaoishi chumba kimoja kuliko homa yoyote.

Wakaandika. Kichwa cha habari kilikuwa "Tuliyoyaona na Tuliyoyauliza." Kwa utaratibu wetu, kabla ya kubandikwa ilipelekwa kwa mkuu wa shule wa wakati ule. Alikuwa mtu mwema aliyekuwa amebeba wiki mbaya. Aliisoma, akaigonga kwa kidole.

"Ya bibi bandikeni. Ya madirisha ondoeni. Wazazi wakisoma hii, mimi nitasema nini?"

Mwalimu Mwajabu hakupandisha sauti. Katika miaka yote sijamsikia akipandisha.

"Mkuu, tukiyaondoa madirisha, watu watauliza: basi wasichana walianguka kwa nini? Na jibu litakalokuwa limebaki mtaani ni bibi."

Nje tulisikia pikipiki zikipita, nyingi kuliko kawaida. Ndipo Ruthu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na ambaye hakuna aliyemtarajia kusema, akafungua daftari.

"Mkuu, samahani. Hatujapata kauli yako. Madirisha yatafunguliwa lini?"

Mkuu alimtazama kwa muda, na mimi nikautazama mlima ulioko dirishani kana kwamba sijawahi kuuona. Kisha akavua miwani, akaipangusa kwa tai.

"Andika: leo," alisema. "Yatafunguliwa leo. Na uandike kwamba uji wa asubuhi utatolewa kabla ya mstari, siyo baada."

Akasaini. Lameck aliondoka na karatasi mbio, na muda mfupi baadaye tulisikia nyundo ya fundi hosteli. Heshima ya mkuu yule machoni pangu ilianza upya siku hiyo.

Ukutani wanafunzi walisongamana hadi ikabidi habari isomwe kwa sauti. Lakini ukuta wa bwalo hausomwi na vijana wa kijiweni. Mwalimu Mwajabu alimwendea mwenyekiti wa mtaa, naye akaitisha mkutano jioni ileile, kabla jua halijazama. Watu walifurika. Mwalimu angeweza kusoma mwenyewe, na wangemheshimu. Alimpa Ruthu karatasi.

Binti yule asiyesikika alianza kusoma, na watu wa nyuma wakapiga kelele kwamba hawasikii. Akaanza upya. Alipofika kwenye maneno ya mchungaji, kijana mmoja aliyeketi juu ya pikipiki yake alimkatiza.

"We mtoto, nani kakwambia yote hayo?"

Ruthu aliishusha karatasi.

"Hakuna aliyeniambia nikiwa nimekaa," alisema. "Nilikwenda. Wewe ulikwenda?"

Kijana aliangalia usukani wake. Mzee mmoja akacheka, kisha wanawake, na kicheko hicho kikaupunguza uzito uliokuwa umetukaa vifuani tangu Jumatatu. Ruthu akamaliza kusoma. Mwenyekiti akatangaza kwamba atakayemgusa Bibi Yudith atakuwa ameugusa mtaa wote, na matroni wetu pamoja na wanawake wa jirani wakaenda kulala kwake kwa zamu siku kadhaa zilizofuata.

Sitaki kuandika kwamba yote yalikwisha siku hiyo. Mwenye wasifu huu angeniuliza nimeyapata wapi. Wasichana wawili walianguka tena kesho yake. Walipelekwa penye hewa, wakanyweshwa uji, wakalala usingizi, na baada yao hakuanguka mwingine. Bibi Yudith alirudi getini wiki iliyofuata. Wapo waliopita mbali naye kwa miezi, na wapo ambao hawakununua kwake tena. Lakini alirudi, akakaa, akauza hadi miguu ilipomkataza, na alifariki kwa uzee, kitandani kwake, ndugu zake wakiwa wamemzunguka. Emiliana alifanya mtihani, akafaulu. Baba yake, ambaye Mwalimu Mwajabu alimtembelea mara nyingi kuliko alivyopenda, alikuja kwenye mahafali akiwa amevaa suti.

Mtu anaweza kuuliza ni wanahabari wangapi wametoka Mlangwa. Tunao: Lameck anatangaza katika redio moja ya hapa mjini, na ubishi wake sasa unalipiwa mshahara. Lakini Mwalimu Mwajabu hajawahi kuipima kazi yake kwa hesabu hiyo. Ruthu ni muuguzi Chamwino. Husema mgonjwa akiletwa na ndugu watano wenye maelezo matano, yeye huinama kwanza kumuuliza mgonjwa. Hamidu analima alizeti huko Kondoa, na wauza mbegu wanamwogopa, kwa kuwa hanunui mpaka aonyeshwe shamba ambalo mbegu hiyo imeota. Hawa wote, ukiwaamsha usingizini, watakuambia ni wanahabari wa Mlangwa.

Simu zilipoingia mikononi mwa kila mtu, baadhi yetu tulidhani ukuta wa bwalo umepitwa na wakati. Mvua za mwaka juzi zilituonyesha vingine. Picha ya daraja lililobomolewa na mafuriko ilizunguka kwenye makundi yote ya WhatsApp, maelezo yakisema ni daraja la korongo letu. Wazazi walianza kuzuia watoto wasije shule. Klabu ilituma wanafunzi watatu kwa miguu. Walirudi na picha yao wenyewe: daraja zima, na juu yake mama mmoja ameanika mtama. Siku hizi klabu za namna hii zipo katika shule kadhaa za Dodoma Mjini, Chamwino na Kondoa, na walimu wake wengi walianza kwa kuja kukaa nyuma ya darasa la Mwalimu Mwajabu, wakimtazama.

Ufaulu wa Kiswahili shuleni kwetu umepanda mwaka hadi mwaka, na cheti cha mwalimu bora wa wilaya kimetundikwa ofisini, ingawa ilibidi tukitundike sisi, maana yeye alikiweka kabatini chini ya chaki. Klabu anaiacha mikononi mwa Mwalimu Evodia, kijana mwenye moto wake mwenyewe, ambaye wiki yake ya kwanza alitamka lile neno letu lililokufa, na hajalirudia.

Mwezi uliopita wanaklabu waliomba kumhoji mstaafu wetu kwa ajili ya toleo la kuagana. Alikubali kwa sharti kwamba asipewe maswali mapema. Aliyemhoji ni Ikram wa kidato cha pili, mfupi kuliko meza. Aliuliza ya Busi, ya Chamwino, ya mbuzi. Kisha akauliza, "Mwalimu, kustaafu kuna nini kinachokuogopesha?"

Tulikuwa tumezoea kumwona akiuliza, hatukuwa tumezoea kumwona akitafuta jibu.

"Naogopa asubuhi ya kwanza," alisema, "ambayo nitaamka na hakuna mtoto wa kuniuliza kitu."

Ikram aliandika neno kwa neno. Kisha akainua kichwa.

"Asubuhi hiyo ni tarehe ngapi, Mwalimu? Nataka nikupigie."

Mwalimu wetu, ambaye hatujawahi kumwona akilia hata msibani, aliomba leso.

Mwalimu Mwajabu, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, wanafunzi na wazazi wa Mlangwa, asante. Asante kwa watoto uliowasimamisha wima wakayataja majina yao. Asante kwako pia Bwana Bashiri, kwa kutuazima mwenzako miaka yote hii. Nenda salama Busi, kwenye shamba na mizinga uliyoiandaa. Alizeti yako ipate mvua, nyuki wako wapate maua, wajukuu wako wawe wabishi, na simu yako iite kila asubuhi.